UZI: Dhamana yetu inampima mdhamini, mshtakiwa mwenyewe hapimwi. Alama za Wamarekani zitatufaa?

Mjomba wa Boda (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aruke tu, sina kinyongo.

Mwaka jana mtoto wa dada yangu, dereva bodaboda, alibeba abiria. Kwenye foleni abiria akampora mama mmoja simu, akaruka, akapotelea uchochoroni. Dogo akabaki na pikipiki yake na wananchi wenye hasira. Mungu saidia polisi waliwahi. Akafikishwa mahakamani, akasomewa shtaka la wizi. Dhamana ikawa wazi: wadhamini wawili, kila mmoja asaini bondi ya shilingi milioni tatu, wawe na vitambulisho vya NIDA na barua za serikali ya mtaa, na mmoja wao awe mtumishi wa serikali au wa taasisi inayotambulika.

Siku yenyewe Ijumaa. Mwalimu jirani yetu alikubali kusimama, wa pili mimi. Shida ikawa barua yangu. Mtendaji yuko kwenye kikao cha kata. Nilikaa kwenye benchi la ofisi yake mpaka saa nane na dakika ishirini. Alipokuja, muungwana kweli, akaandika barua kwa mkono wake, akachukua muhuri. Wino umekauka. Akaupulizia pumzi mara mbili, akaugandamiza kwa ngumi. Ukatoka nusu: jina la mtaa linasomeka, tarehe hakuna. Nikakimbilia mahakamani hivyohivyo. Karani akaiinua barua kwenye mwanga wa dirisha, akanirudishia: "Kaka, hii tarehe haisomeki." Saa tisa na nusu karandinga likaondoka na dogo ndani. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili alilala mahabusu kwa sababu ya wino.

Sasa hapohapo kwenye benchi la mahakama kulikuwa na jamaa wa kesi ya kujipatia fedha kwa udanganyifu. Wadhamini wake walifika saa nne, wamechomekea, makaratasi kwenye faili la plastiki. Mmoja nikamsikia anamnong'oneza mwenzake, "Huyu wa leo anaitwa nani vile?" Nikaelewa. Wa kukodi. Saa sita jamaa yuko kibandani anakunywa soda.

Zile siku tatu zimeshapita. Kinachonikera mpaka leo ni kwamba hakuna mtu aliyemuuliza dogo swali hata moja. Unaishi wapi, tangu lini, na nani? Umewahi kushtakiwa? Ulikuwa unahudhuria? Maswali yote tuliulizwa sisi wadhamini. Na kazi ya dhamana ni nini kama si mshtakiwa arudi siku ya kesi, asiguse mashahidi, asidhuru mtu?

Nikaanza kusoma wengine wanafanyaje. Marekani wana ugonjwa mbaya kuliko wetu, maana kwao dhamana ni hela. Huna hela, unakwenda kwa wakala wa dhamana, unamlipa kama asilimia 10 ambayo hairudi hata kesi ikifutwa. Ukiitoa Ufilipino, biashara hiyo huikuti karibu kokote. Mwaka 2010 kijana wa Bronx, New York, Kalief Browder, miaka 16, alishtakiwa kuiba mkoba wa mgongoni. Dhamana dola 3,000, kwao hawana. Akakaa jela ya kisiwa cha Rikers miaka mitatu, karibu miwili kati yake akiwa amefungiwa peke yake, kesi haikusikilizwa, mwisho mashtaka yakafutwa. Mwaka 2015 akajiua.

Lakini hukohuko New York, mwaka 1961, tajiri mmoja aitwaye Louis Schweitzer na kijana Herbert Sturz walianzisha mradi wa dhamana wa Manhattan, ndio uliozaa taasisi ya Vera. Walichukua wanafunzi wa sheria, wakawashusha mahabusu na fomu. Una kazi? Unaishi na nani? Mtaa huo una muda gani? Nani nimpigie athibitishe? Kila jibu lina alama. Ukifikisha, hakimu anaambiwa huyu aachiwe kwa ahadi yake mwenyewe, bila senti. Miaka mitatu waliachiwa watu zaidi ya 3,000, na walioshindwa kurudi hawakufika 2 kati ya 100. Mwaka 1966 Rais Johnson akasaini sheria ya dhamana ya shirikisho iliyofuata wazo hilohilo.

Siku hizi fomu imekuwa hesabu. Inayotumika sana inaitwa PSA, ilitengenezwa na taasisi ya familia ya Arnold kutokana na rekodi za kesi kama milioni 1.5, Kentucky wakaanza nayo jimbo zima mwaka 2013. Inaangalia mambo tisa: umri, kama shtaka la sasa ni la ukatili, kama una kesi nyingine inaendelea, hukumu za nyuma za makosa madogo, za makubwa na za ukatili, kama umewahi kufungwa, na kama umewahi kukosa kufika mahakamani, ndani ya miaka miwili au kabla yake. Inatoa alama 1 hadi 6 ya kutofika, na 1 hadi 6 ya kufanya kosa jipya, pamoja na bendera ya tahadhari ya ukatili.

Swali langu: tukiichukua hii, dogo angelala nyumbani Ijumaa ile?

Nimeweka Mkeka

Nimekaa pale. Mkuu endelea, na huyo wa faili la plastiki namjua kwa sura.

Kifungu na Aya

Uzi mzuri, ila umeanzia dirishani wakati mlango umefungwa. Kwetu Tanzania kabla ya kufika kwenye swali la "huyu mtu atarudi?" kuna makosa ambayo sheria imeshajibu: hayana dhamana. Mnakijua kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai, ndiyo namba iliyozoeleka: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, utakatishaji fedha, ugaidi na kadhalika. Ukishaandikwa shtaka hilo, hakimu hana cha kupima. Hata uwe bibi wa miaka 80 mwenye mguu mmoja.

Mapambano ya mahakamani yapo tangu zamani. Mwaka 1991, kesi ya Daudi Pete, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba aya moja ya kifungu hicho, ya wakati ule, ilikuwa kinyume cha Katiba. Mwaka 2018 kesi ya Mtobesya ikaua kifungu kidogo cha (4), kile kilichompa DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, uwezo wa kuandika hati na dhamana ikafa papo hapo. Mwaka 2020 Dickson Sanga akaipeleka (5) yenyewe Mahakama Kuu, akashinda mwezi Mei. Agosti hiyohiyo Rufani wakaipindua. Kwa hiyo kifungu kipo.

Halafu kuna suala la fedha. Kwa miaka mingi kesi ya mali inayozidi shilingi milioni 10 ilidai mshtakiwa aweke mahakamani nusu ya thamani inayodaiwa, taslimu au hati ya mali. Mtu anatuhumiwa kuiba milioni 200, alete milioni 100 ndipo atoke. Kama hakuiba, atazitoa wapi? Kama aliiba, anazo! Kipimo kinachomwachia mwizi aliyefanikiwa.

Mama wa Vitenge

Nyie wanaume mnaandika vizuri sana, lakini hamjavunjiwa duka. Mimi nilivunjiwa. Kijana akakamatwa na vitenge vyangu, siku ya tatu nampita kijiweni ananisalimia "shikamoo mama". Nilitetemeka. Nani alinipima mimi hatari yangu? Leo mnataka fomu za kuwaachia haraka zaidi.

Mjomba wa Boda

Dada yangu, pole sana. Hiyo shikamoo ningeisikia mimi nisingelala. Lakini ona, kijana wako alitoka kwa utaratibu huuhuu tulio nao, wa barua na muhuri. Hakuna aliyemuuliza kuhusu wewe pia.

New Jersey walilikabili hilo. Utafiti wa 2013 ulikuta asilimia 12 ya waliokuwa jela za kaunti wako mle kwa kukosa dola 2,500 au pungufu, huku mtu hatari kweli akiwa na hela analipa anaondoka, maana Katiba ya jimbo ilimpa haki ya dhamana. Novemba 2014 wananchi wakapiga kura kuirekebisha Katiba, na 1 Januari 2017 mfumo mpya ukaanza. Dhamana ya fedha ikabaki jina: mwaka huo jimbo zima iliamriwa mara 44 tu. Mwendesha mashtaka akiona mtu ni hatari anaomba azuiwe, lakini lazima aje athibitishe, mshtakiwa ana wakili pembeni, na jaji aseme sababu. Akizuiwa, saa inaanza kuhesabu: siku 90 mashtaka rasmi yawe yametoka, siku 180 baada ya hapo kesi ianze. Ikishindikana, kwa kawaida anaachiwa.

Kwa hiyo kijana wa vitenge wangeweza kumzuia hata kama mjomba wake ni bilionea.

Mama wa Vitenge

Na sisi wenye maduka tunaitwa kusema?

Bongo Mpaka Jezi

Niko New Jersey mwaka wa tisa, nilikuwa mkalimani wa Kiswahili wa ndugu zetu Wakongomani kwenye shughuli za aina hii. Ninachokumbuka ni kasi. Mtu amekamatwa usiku, kesho yake mchana karatasi ya alama za PSA iko mezani, na ndani ya saa 48 lazima uamuzi uwe umetoka. Mzee mmoja niliyemtafsiria alijipekua mifukoni hadi soksi akitafuta hela ya kutoa. Nikamwambia, Baba, hapa hawadai kitu, wanataka namba yako ya simu. Akaniuliza mara tatu: "Bila mali? Bila kitu?"

Lakini niseme na upande wa pili. Yule mzee hakuwa na rekodi yoyote Marekani, basi alama zake zikawa 1 na 1. Amekaa kambini Nyarugusu miaka mingi, nani anajua alifanya nini huko? Na kijana mweusi mzaliwa wa Newark, ambaye polisi wanamsimamisha tangu ana miaka 14, anafika na ukurasa mzima. Karatasi inasoma kile polisi walichoandika, basi.

Takwimu Hazilali

Jezi kagusa penyewe. Wakuu naomba tusipambwe na neno hesabu.

Mwaka 2016 waandishi wa ProPublica walichukua alama za programu ya kukadiria nani atarudia kosa, iitwayo COMPAS, kaunti ya Broward, Florida, wakafuatilia watu miaka miwili. Kati ya weusi ambao hawakufanya kosa lolote jipya, karibu asilimia 45 walikuwa wameandikwa hatari. Weupe wa aina hiyohiyo, asilimia 23. Waliotengeneza programu wakajibu kwamba mtu mwenye alama 7, mweusi au mweupe, anarudia kosa kwa kiwango kilekile. Wanahisabati wakaja kuonyesha kwamba pande zote mbili ziko sahihi: makundi mawili yakiwa na viwango tofauti vya kukamatwa tena, huwezi kutimiza haki za aina zote mbili kwa pamoja. Lazima uchague kosa gani unalivumilia. Hilo si swali la kompyuta hata kidogo, ni la Bunge.

Hiyo New Jersey mnayoisifu: Oktoba 2012 jela zao zilikuwa na watu 15,006, Oktoba 2018 watu 8,482. Safi sana. Lakini weusi walikuwa asilimia 54 kabla, na asilimia 54 baada. Wametoka wengi, mgawanyo ukabaki palepale.

Na Browder mliyemtaja, msisahau alikuwa tayari chini ya uangalizi wa mahakama kwa kosa la awali, na baadaye dhamana ikafungwa kabisa kwa sababu hiyo. Kwenye PSA kuwa na miaka 22 au chini kunakuongezea alama za kosa jipya. Ana miaka 16! Sina hakika fomu ingemwokoa.

California Bunge lilipitisha sheria ya kuondoa dhamana ya fedha na kuweka tathmini ya hatari, Gavana Brown akasaini 2018. Mawakala wa dhamana wakakusanya saini, ikapelekwa kwa wananchi Novemba 2020, ikaangushwa. Na walioipinga hawakuwa mawakala peke yao, watetezi wa haki wengine nao walikataa kwa sababu ya hizo alama. Mwaka huohuo Februari, Pretrial Justice Institute, shirika lililozipigia debe miaka, lilitangaza kwamba limeacha. Illinois, jimbo la kwanza kufuta kabisa dhamana ya fedha, 18 Septemba 2023, limeegemea zaidi jaji kusikiliza pande mbili kuliko namba.

Sasa ilete bodaboda. Msako wa Ijumaa wanabebwa vijana 40, wengine kwa sura tu. Kila aliyebebwa ana "rekodi". Umetengeneza mashine ya kuwaadhibu kwa kubebwa.

Nimeweka Mkeka

Nimekunja mkeka kidogo, nafikiri.

Pwani si Kenya Lakini

Habarini ndugu zangu wa Bongo, naandika kutoka Kilifi. Sisi Katiba ya 2010, kifungu cha 49(1)(h), inasema uachiliwe kwa masharti yanayofaa ila kama kuna sababu nzito za kukuzuia. Hata wa mauaji anaomba na anaweza kupata. Upande wa mashtaka ndio wenye mzigo wa kuonyesha hiyo sababu nzito. Na mwaka 2015 Mahakama chini ya Jaji Mkuu Mutunga ilizindua mwongozo wa dhamana na bondi.

Kitu ambacho sijaona mkitaja ni ripoti ya afisa wa probesheni, huyo mnayemwita wa huduma za uangalizi. Korti inamwagiza aende nyumbani kwa mshtakiwa. Anaongea na chifu, mzee wa kijiji, mke, mwajiri, na aliyekosewa pia, mama wa vitenge, huulizwa kama anaogopa. Kisha anaandika kurasa mbili tatu. Hiyo ni tathmini ya hatari bila hata kompyuta. Binamu yangu alitoka kwa hiyo, baada ya afisa kukuta anamtunza nyanya aliyepooza.

Ubaya wake: ile ripoti ilichukua siku kumi na nne na binamu akizisubiri ndani. Afisa mmoja, korti nyingi, pikipiki haina mafuta. Na jirani mkigombania mpaka wa shamba atamwambia afisa wewe ni jambazi sugu.

Kifungu na Aya

Hapo kwa Mkenya ndipo penye nyama. Niongeze moja la Kentucky. Kabla hata ya PSA, kwa sheria ya 2011, waliwalazimisha mahakimu kuangalia alama za fomu yao ya wakati huo. Profesa Megan Stevenson alifuatilia: walioachiwa waliongezeka kidogo, halafu taratibu mahakimu wakarudia mazoea yao, wakawa wanaipita ile alama. Alama inasema mwachie, hakimu anaandika sababu yake, biashara imeisha. Ukimpa hakimu karatasi bila kumbana kwa sheria, umempa karatasi.

Mjomba wa Boda

Nimesoma wote, baadhi mara mbili. Nimebadilika kidogo, kwa hiyo nijibu swali langu mwenyewe.

Ile mashine ya mambo tisa siitaki hapa kwetu, na sababu ni ya kishamba kabisa. Inakula rekodi, nasi rekodi hatuna, tulizonazo ndizo hizo za msako alizosema Takwimu. Ila angalieni kitu cha ajabu. Fomu ya 1961 iliuliza mizizi: kazi, ukoo, mtaa. Hii mpya haiulizi hata kama una mahali pa kulala, haimhoji mtu kabisa, inasoma faili tu. Wamarekani walianza na fomu ambayo sisi tungeiweza kesho asubuhi, wakaihama. Mtaa wetu unamjua dogo tangu anatembea uchi. Hiyo ndiyo data tuliyo nayo. Tatizo tumeifungia kwenye barua ya muhuri inayonihusu mimi.

Kwa hiyo mimi ningeomba mtu mmoja kila mahakama, awe mwanafunzi wa sheria au afisa wa huduma za uangalizi, ashuke selo saa moja na nusu asubuhi kabla ya kesi kuitwa, na ukurasa mmoja na simu yenye salio. Dakika kumi kwa mtu. Apige namba mbili kuthibitisha. Kwa makosa ya kina dogo hii ingetosha, mdhamini awe wa akiba. Mlalamikaji naye apigiwe, mama wa vitenge umenishinda hapo. Makosa ya 148(5) ni vita nyingine na fomu haiwezi kuyafungua, Kifungu yuko sahihi. Ningependa hakimu aruhusiwe angalau kuuliza.

Na kuna jambo dogo ambalo nimelikuta nikisoma, limenichekesha na kuniuma. New York walipima kwa nini watu hawafiki mahakamani. Wengi hawakuwa wametoroka, walikuwa wamesahau au hawajaielewa karatasi. Wakapanga upya fomu ya wito, tarehe na mahali juu kabisa, kutofika kukapungua asilimia 13. Meseji za kukumbusha zikapunguza asilimia 21. Meseji jamani! Sisi tunaopata meseji za mikopo saa kumi alfajiri.

Dogo hajakosa tarehe hata moja mpaka leo. Mara tatu mashahidi hawakufika, kesi ikaahirishwa. Inatajwa tena Jumanne saa tatu. Ameshanipigia kuulizia nauli.

Nimeweka Mkeka

Jumanne tupe mrejesho mkuu. Na nenda na wino wako.